Gia ya Dishi la Jua Kililana: Tafuta Kwanza Inayoshika

Kabla hujanunua mota na kabla hujakata chuma, jiulize dishi lako litakuwa linafanya nini saa ambazo halisogei. Dishi la jua hukaa karibu siku nzima limesimama: linasogezwa kidogo, linatulia, linasogezwa tena, na usiku kucha halisogei kabisa. Muda huo wote upepo unalisukuma, na kinacholizuia lisigeuke ni meno machache ya gia. Hapa Kililana, bara ikitazamana na Manda na Pate bila kilima cha kuvunja upepo wa bahari, nashikilia kwamba gia huchaguliwa kwanza kwa uwezo wake wa kushika. Uwezo wa kusukuma hufuata, tena kwa mbali. Nitakueleza kwa nini, kwa hesabu unazoweza kuzirudia mwenyewe kwa kalamu na karatasi, kisha tutazame cha kununua.

Tuwekane sawa kwanza juu ya kazi ya dishi. Ukitaka umeme wa taa, simu na friji, achana na dishi, weka paneli juu ya bati. Paneli haina gia, haina grisi, na hata mawingu yakitanda hupata mwanga kiasi. Dishi ni la moto: kupikia wanafunzi wa madrasa au harusi, kuchemsha maji, kutoa mvuke, kuvukiza maji ya chumvi upate ya kunywa. Nalo hukusanya tu miale inayokuja moja kwa moja kutoka kwenye jua. Utando mwembamba wa mawingu ukipita, sufuria inapoa. Kwa hiyo masika yakianza na kusi ikashika nguvu, zitapita siku nyingi ambazo dishi halipiki kitu. Siku hizo hizo ndizo za upepo. Gia yako italinda chombo kwa miezi ambayo chombo hakikuletei faida yoyote, na mtu aliyeichagua akifikiria siku ya jua kali tu hajaifikiria nusu ya maisha yake.

Nchi yetu ina nafasi yake katika historia ya jambo hili. Mwaka 1986 Wolfgang Scheffler alijenga dishi lake la kwanza lililofanya kazi vizuri katika kituo cha misheni kaskazini mwa Kenya, dogo tu, la mita 1.1 kwa 1.5. Baadaye muundo wake ulikua hadi mita za mraba 8, 10 na 16, ukaenea sana India, ambako majiko ya namna hiyo hupikia maelfu ya watu kwa siku. Siri yake haimo kwenye gia ya ajabu. Dishi linazunguka kwenye mhimili uliolazwa sambamba na mhimili wa dunia, na mhimili huo unapita katikati ya uzito wa dishi lenyewe. Limesawazishwa kama mizani, halielemei upande wowote, hata saa ya kimakanika inayoendeshwa na uzito unaoshuka polepole inatosha kuligeuza kulifuata jua. Hilo ndilo la kujifunza kabla ya kuingia dukani: gia huja baada ya mhimili. Ukikosea mhimili, hakuna gia itakayokuokoa.

Na mahali tulipo panafanya kosa la mhimili liwe baya kuliko kwingine. Kililana iko kama digrii 2.2 kusini mwa ikweta. Jua linapita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 15 Machi na tena karibu na 28 Septemba. Sasa chukua muundo ambao mafundi wengi huuanza nao kwa sababu ni rahisi kuuelewa: nguzo inayozunguka kulia na kushoto, na juu yake bawaba inayoinua dishi na kulishusha. Katika siku za Machi jua huchomoza mashariki, likapanda moja kwa moja, na nguzo yako haina kazi asubuhi nzima. Kisha saa sita inafika, jua linavuka utosini, na ghafla nguzo inatakiwa igeuke nusu duara kutoka mashariki hadi magharibi. Jua likipita digrii moja tu kutoka utosini, nguzo italazimika kukimbia kwa digrii 14 kila dakika ili isiachwe, ilhali mwendo wa kawaida wa jua ni robo digrii kwa dakika. Hiyo ni mara 57 zaidi. Utanunua mota kubwa na gia ya mwendo kasi kwa ajili ya dakika chache za siku chache, na kasi hiyo hiyo ndiyo itakayoidhoofisha gia katika kazi yake ya kushika. Wapo wanaolikwepa tatizo kwa kuliacha dishi lipinduke hadi upande wa pili badala ya kugeuza nguzo. Inasaidia siku jua linapopita utosini kabisa, ila siku za jirani bado nguzo itahangaishwa.

Mhimili wa Scheffler unaliondoa tatizo hilo lote, na kwetu una bahati ya ziada. Ulaya mhimili sambamba na wa dunia husimama kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Kililana karibu unalala. Ulaze kaskazini-kusini, kisha inua ncha ya kusini kwa milimita 38 kwa kila mita moja ya urefu, basi. Nguzo mbili fupi, beringi mbili, bomba moja. Jua likizunguka digrii 15 kwa saa, dishi nalo lizunguke digrii 15 kwa saa, mwendo mmoja kutoka asubuhi hadi jioni, mwaka mzima. Ili kupata mstari wa kaskazini na kusini, usitegemee dira karibu na vyuma. Simamisha timazi mwezi Juni, jua likiwa upande wa kaskazini, na ufuate kivuli chake kinapokuwa kifupi kuliko wakati wote wa siku.

Sasa tuuhesabu upepo, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Chukua dishi la kipenyo cha mita 2, lenye eneo la mita za mraba 3.14. Msukumo wa upepo unapatikana kwa kuzidisha nusu ya uzito wa hewa, ambayo ni kama kilo 1.2 kwa mita moja ya ujazo, mara mraba wa mwendo wa upepo, mara eneo, mara namba ya umbo, ambayo kwa bakuli lililoelekea upepo unaweza kuichukua 1.4. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ule ambao nahodha wa jahazi anaufurahia, unatoa nyutoni kama 264, sawa na uzito wa kilo 27. Upepo wa mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, unatoa nyutoni 1,650, kilo 168. Upepo umeongezeka mara mbili na nusu, nguvu imeongezeka zaidi ya mara sita. Sukumo hilo halikai katikati kabisa. Tuseme linakaa sentimita 30 nje ya mhimili. Basi upepo wa kawaida unalisokota dishi kwa nyutoni mita 80, kama kilo 8 zilizoning'inizwa mwisho wa bomba la mita moja. Dhoruba inalisokota kwa nyutoni mita 495, sawa na mfuko mzima wa saruji wa kilo 50 mwisho wa bomba lile lile. Na jua lenyewe linadai nini? Dishi lililosawazishwa linahitaji kushinda msuguano wa beringi tu, nyutoni mita chache. Mkono wa mtoto unaligeuza.

Utaniambia dhoruba ya kilomita 90 kwa saa si ya Lamu. Ni kweli kwamba vimbunga vikubwa kwa kawaida hubaki kusini mwetu. Lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia, na upepo wa ghafla unaotangulia mvua hausubiri kupewa jina. Dishi lililong'oka ni kisu kikubwa chenye vioo. Pima kwa hali mbaya, kisha ujipe nafuu kwa njia nyingine: adhuhuri dishi letu karibu linatazama juu mwaka mzima. Hata mwezi Juni, jua linapokwenda mbali kabisa na utosi wetu, saa sita mchana halizidi digrii 26 kutoka utosini. Mahali pa kazi kubwa na mahali pa kujificha upepo ni karibu pamoja. Jioni ukimaliza, lirudishe dishi litazame juu, upepo uteleze pembeni. Jambo jingine la kushukuru ni kwamba bahari yetu iko mashariki. Upepo wa baharini huzidi alasiri, wakati ambapo dishi limeshageukia magharibi na kuupa mgongo wa mviringo, na mgongo hukamata upepo kidogo kuliko tumbo la bakuli.

Kutoka hapo tunaingia kwenye meno. Msokoto wa nyutoni mita 495 lazima ubebwe na jino fulani mahali fulani, na umbali wa jino hilo kutoka kwenye mhimili ndio unaoamua mzigo wake. Gurudumu la gia la kipenyo cha sentimita 10, lile dogo zuri linalouzwa ndani ya kisanduku, lina jino umbali wa sentimita 5. Mzigo wake utakuwa nyutoni 9,900, tani nzima kwenye ukingo wa chuma usiozidi ukucha. Weka upinde wa nusu duara wenye nusu kipenyo cha sentimita 80 mgongoni mwa dishi, uushike pembeni, na mzigo unashuka hadi nyutoni 619, uzito wa mtu mmoja. Hata usahihi unafuata kanuni hiyo hiyo. Kila gia inacheza kidogo. Mchezo wa milimita 2 kwenye sentimita 5 ni digrii 2.3 za dishi linaloyumba. Mchezo ule ule kwenye sentimita 80 ni digrii 0.14, hauonekani. Kwa dishi ambalo moto wake unakutana mita moja mbele, kila digrii moja ya kosa inahamisha doa la moto kwa milimita 17. Sufuria pana inavumilia digrii moja, hata moja na nusu. Kibomba chembamba cha mvuke hakivumilii. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya gia ya usahihi mkubwa, uliza unaweza kuweka upinde wa ukubwa gani. Chuma cha upinde ni rahisi, usahihi wa kiwandani ni ghali.

Lakini upinde mkubwa haushiki wenyewe. Gia za meno ya kawaida, cheni na sproketi, zote zinakubali kurudishwa nyuma: ukisukuma dishi, mota inazunguka. Kinachokataa ni skrubu. Tazama jeki ya gari, ile ya kuzungusha kwa mkono. Unainua gari, unaachia mpini, gari linabaki juu. Hakuna breki wala ndoana. Ni kwamba uzi wa skrubu umelala sana kiasi kwamba msuguano unaushinda uzito. Gia ya skrubu, ambayo uzi mmoja unazungusha gurudumu lenye meno, inafanya vivyo hivyo ikiwa mwinuko wa uzi wake ni chini ya digrii 5 hivi. Uzi ukiwa na njia mbili au nne umesimama zaidi, unakwenda kasi, na haushiki. Mwulize muuzaji idadi ya njia za uzi. Asipojua, hesabu mwenyewe mwanzo wa nyuzi kwenye ncha ya skrubu. Skrubu za gololi, zinazosifiwa kwa wepesi wake, ziepuke hapa, maana wepesi huo ndio utakaoliachia dishi usiku. Na usidhani kujishika ni jambo la milele. Grisi nzuri hupunguza msuguano, na upepo hautulii, hutikisa. Skrubu iliyo ukingoni mwa kujishika itajirudisha nyuma sehemu ndogo kwa kila mtikisiko, na alfajiri utakuta dishi limehama. Chagua uzi uliolala zaidi ya unavyohitaji. Kwenye dishi kubwa ongeza breki ya mota, ya aina ile inayobana umeme unapokatika, kama breki za kreni zinazoinua makontena bandarini: umeme ndio unaoiachia, chemchemi ndiyo inayoibana.

Pingamizi la kwanza analolitoa kila mtu aliyesomea mitambo ni kwamba gia ya skrubu inakula nguvu. Anasema kweli. Gia inayojishika hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu inayopewa. Huo ndio msuguano wenyewe ulioununua. Ila hebu tuone ni nusu ya nini. Tuseme siku nzima upepo wa mita 10 kwa sekunde unakupinga bila huruma, nyutoni mita 80 kila wakati, na dishi linazunguka digrii 120. Kazi hiyo ni jouli 168. Gia ikipoteza nne kwa tano, mota itatumia jouli 840, chini ya robo ya wati-saa. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, ya ukubwa unaowekwa kwenye king'ora, ina wati-saa 84. Mota ingefanya kazi hiyo kwa zaidi ya siku 300 kwa chaji moja, kama si kidhibiti chake, ambacho kitakula umeme kuliko mota. Wakati huo huo dishi linapokea karibu wati 3,000 za jua kali mchana. Kuhesabu hasara ya gia hapa ni kuhesabu tone la maji yanayomwagika nje ya jahazi. Mitambo ya kufuata satelaiti iliyoko Ngomeni, ambako jukwaa la San Marco lilirusha satelaiti iitwayo Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, inapaswa kufuata kitu kinachovuka anga kwa dakika kama kumi. Huko wepesi na kasi vina maana. Jua letu linachukua saa kumi na mbili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ninalipa haki yake. Gia inayokataa kusukumwa na upepo itakataa kusukumwa na wewe pia. Mota ikifa saa sita mchana, dishi limekamata jua, na doa la moto linaanza kutambaa kutoka kwenye sufuria kwenda kwenye mguu wa jiko, kwenye waya, kwenye paa la makuti. Utalishika dishi na halitageuka. Kwa hiyo usifunge gia kwa dishi moja kwa moja. Weka kati yake pini nene ya kuchomoa kwa mkono mmoja bila spana, funga kamba kwenye ukingo wa dishi, na mfundishe kila anayepika hapo achomoe, avute kamba, afunge kamba kwenye mti. Pini hiyo iwe ya chuma kigumu. Pini dhaifu ya kukatika, ile ambayo wavuvi wanaijua kwenye propela za mashine ndogo za zamani, nayo ina nafasi yake, lakini iwe upande wa mota, kabla ya skrubu. Propela inapogonga mwamba unataka pini ikatike ili gia ipone. Dishi likipigwa na dhoruba hutaki chochote kikatike upande wake; unataka mota iachwe salama na skrubu iendelee kushika. Mafundi huzigeuza mahali pini hizi mbili, na kosa hilo linagharimu dishi zima.

Sasa cha kununua. Dishi la kupikia nyumbani, lisilozidi mita moja na nusu, halihitaji gia ya mota. Ligeuze kwa mkono kila dakika kumi na ulikaze kwa komeo la skrubu. Katika dakika kumi jua linasogea digrii 2.5, litangulize dishi mbele ya jua nusu ya hizo, lilikute na kulipita, na chungu hakitahisi.

Dishi la mita 2 linafaa mkono wa umeme wa madishi makubwa ya satelaiti, ule unaorefuka na kufupika kama jeki iliyolazwa. Ndani yake kwa kawaida mna skrubu inayojishika tayari, umefungwa kuzuia mvua, na mafundi wa madishi wanaujua. Wenye mwendo wa inchi 24 ukifungwa kwenye mkono wa sentimita 35 utageuza dishi digrii 120, sawa na saa nane za jua, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Saa zinazobaki jua ni la chini na dhaifu, usizililie. Angalia tu kwamba mwanzoni na mwishoni mwa mwendo huo pembe inakuwa mbaya: urefu wa mkono unaofanya kazi unabaki nusu, na mzigo kwenye skrubu unakuwa mara mbili, karibu nyutoni 2,800 katika dhoruba yetu. Soma kwenye kibandiko uwezo wa kubeba mzigo ukiwa umesimama, maana uwezo wa kusukuma huandikwa kwa herufi kubwa na huo wa kusimama kwa ndogo.

Ukivuka hapo, rudi kwenye upinde; namba nitakazotoa bado ni za dishi la mita 2. Tandika cheni juu ya ukingo wa upinde, uifunge imara kila mahali, na uiache sproketi ndogo itembee juu yake kama gurudumu juu ya ngazi. Cheni ya baiskeli na cheni ya bodaboda ya namba 428 zina hatua moja, milimita 12.7, zikitofautiana upana. Ya baiskeli ikiwa mpya hustahimili nyutoni 8,000, zaidi ya mara kumi na mbili ya mzigo wetu wa 619, na ya bodaboda ni imara zaidi. Nashauri ya bodaboda, kwa kuwa nafuu yake kubwa ni kupatikana: popote penye bodaboda kuna cheni hiyo. Sproketi ya meno 12 kwenye upinde wa sentimita 80 inatoa uwiano wa 33 kwa 1, na hapo ndipo uzuri ulipo, kwa sababu msokoto wa dhoruba unaofika kwenye sproketi umeshuka kutoka nyutoni mita 495 hadi 15. Kisanduku kidogo cha gia ya skrubu cha 60 kwa 1 sasa kinashika kwa raha kile ambacho kingekivunja. Mota ya waipa ya gari inatosha kukizungusha. Mzunguko mmoja wake ni digrii 0.18 za dishi. Kwa mwendo wa polepole wa mizunguko kama 45 kwa dakika, kila dakika nne ifanye kazi kwa sekunde saba au nane, nawe uko sawa na jua. Upepo ukichafuka, kutoka mwisho wa mwendo hadi kutazama juu ni dakika saba au nane.

Mhimili wa pili, wa majira, usiutilie mota. Jua linahama kaskazini na kusini kwa digrii 23.4 kila upande, na hata linapohama kwa kasi zaidi, Machi na Septemba, halizidi digrii 0.4 kwa siku. Fimbo ya uzi ya M16 ina hatua ya milimita 2. Ikisukuma mkono wa sentimita 30, mzunguko mmoja wa nati ni digrii 0.38. Yaani siku moja, mzunguko mmoja. Juni na Desemba utaiacha wiki nzima bila kuigusa. Kaza nati ya pili nyuma ya ya kwanza, umemaliza.

Wapo watakaosema nunua gia ya mzunguko ya kiwandani, mota na skrubu na beringi ndani ya kisanduku kimoja kilichofungwa, kama zinavyotumika kwenye mashamba makubwa ya paneli. Ni chombo kizuri, na anayejenga madishi mengi ya mita za mraba 16 akiwa na bohari ya vipuri anafanya vyema kukichagua. Kwa dishi moja la kijiji sikubaliani naye. Sili yake ikipasuka, maji ya chumvi yanaingia mahali usipoweza kuona, na siku inapokwama unangoja kipuri kivuke bahari. Cheni iliyokula kutu unaiona ikianza kuwa nyekundu.

Na itakuwa nyekundu. Hewa ya hapa, kati ya mikoko na mlango wa bahari, inabeba chumvi, na shamba linaongeza vumbi. Grisi iliyo wazi hushika mchanga na kuwa msasa unaosaga meno polepole. Funika skrubu kwa mpira wa tyubu uliofungwa ncha zote mbili, weka bati juu ya upinde likinge mvua, na tumia grisi ya mashine za boti, isiyooshwa na maji. Wajenzi wa majahazi wa Matondoni hawapaki sifa, mafuta ya samaki ya kulinda mbao, mara moja na kusahau. Chombo hupandishwa, hukaguliwa, hupakwa tena kila msimu. Dishi nalo lipe siku zake mbili za matengenezo, kabla ya kaskazi na kabla ya kusi. Angalia zaidi panapokutana metali mbili. Bolti ya chuma kisichoshika kutu ndani ya fremu ya alumini inang'aa yenyewe huku alumini inayoizunguka ikiliwa kuwa unga mweupe. Tia washa za plastiki na uzitenganishe. Gurudumu la bronzi na skrubu ya chuma, zikiogelea kwenye oili ndani ya kisanduku kizima, zinaishi vizuri pamoja.

Ukitumia saa kuendesha mota, kumbuka kwamba saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari ulio mashariki mwa Lamu. Kwa wastani jua linafika katikati ya anga letu saa sita na dakika 16, na katika mwaka linacheza kati ya saa sita kamili mwanzoni mwa Novemba na saa sita na nusu katikati ya Februari. Dakika 16 ni digrii 4, zinatosha kukutoa nje ya sufuria. Sahihisha kila siku tatu kwa kivuli cha kijiti kilichosimamishwa kwenye ukingo wa dishi. Kivuli kikitoweka, umelenga.

Kabla ya kufunga vioo, funga bomba la mita moja kwenye mhimili, lilale usawa wa ardhi, na uning'inize mfuko wa saruji mwishoni mwake. Kama umetumia mkono wa satelaiti, fanya hivyo dishi likiwa mwisho wa mwendo, penye pembe mbaya. Chora mstari wa chaki unaovuka skrubu na kisanduku chake. Tikisa bomba kwa mkono mara mia moja, kisha liache mpaka asubuhi. Chaki ikiwa imeachana hata kwa upana wa uzi wa nyavu, rudisha gia dukani na utafute yenye uzi uliolala zaidi.